Dijitalisi: Mmea wa Pori Ulio Dawa na Sumu ya Moyo

Dijitalisi ya zambarau (Digitalis purpurea) ni mmea wa pori wa Ulaya ya magharibi, wa familia moja na Antirrhinum majus, ua linalopendwa bustanini. Huota kwenye udongo wenye asidi, hasa kandokando ya misitu na mahali ambapo miti imekatwa. Mbegu zake ndogo mno huhitaji mwanga ili ziote, hivyo huweza kukaa ardhini muda mrefu mpaka pawepo uwazi. Mwaka wa kwanza mmea hutoa majani yaliyotanda chini. Mwaka wa pili huinua shina lenye maua ya umbo la kengele, kisha aghalabu hufa.

Mwaka 1775, daktari Mwingereza William Withering aliombwa maoni kuhusu dawa ya kienyeji ya uvimbe wa mwili, mchanganyiko wa mitishamba mingi. Alitambua kuwa dijitalisi ndiyo iliyofanya kazi. Alichunguza kipimo chake kwa miaka 10, akachapisha matokeo mwaka 1785. Alieleza pia dalili za kuzidisha dawa: kutapika, mapigo ya moyo kwenda polepole, na kuona vitu kwa rangi ya kijani au ya njano.

Digoksini ya leo hupatikana kwa mmea wa jamii hiyo, Digitalis lanata, wenye asili ya kusini-mashariki mwa Ulaya. Huupa moyo nguvu ya kusukuma damu na kupunguza kasi ya mapigo. Hata hivyo, kiasi kinachotibu kiko karibu sana na kiasi kinachodhuru. Hatari huongezeka figo zinapodhoofika, au potasiamu inapopungua mwilini, kwa mfano kutokana na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo.

Kwa hiyo mgonjwa asiongeze kidonge kwa kuwa uvimbe haujapungua, wala asimeze viwili kufidia alichosahau. Akipatwa na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uoni wa njano au mapigo yasiyo na mpangilio, awahi kituo cha afya akiwa na dawa zake zote. Mhudumu naye apime mapigo kabla ya kutoa dozi, na aulize kuhusu dawa nyingine, zikiwemo za mitishamba. Majani ya dijitalisi yasitengenezwe chai kamwe: kuyakausha au kuyachemsha hakuondoi sumu yake.