Pikapu ya Zamani: Tuanzie Wapi?

Wengi wetu hapa Eldoret tuna pikapu ya miaka mingi inayobeba maziwa na mahindi, lakini servisi tunaiahirisha kila msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukipata pesa kidogo, tusikimbilie rangi wala redio. Tufuate mpango huu:

1. Breki kwanza. Kutoka Iten kuteremka hadi Bonde la Kerio ni zaidi ya mita 1,000. Mafuta ya breki hunyonya unyevu polepole. Breki zikishika moto mteremkoni, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na pedali inazama bure. Watu wamekaa nyuma! Tuyamwage, tutie mapya kila miaka 2, na tuteremke kwa gia ndogo.

2. Rejeta. Eldoret iko juu, karibu mita 2,100, na hapa maji ya sufuria huchemka kwa digrii 93 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kikichoka hakizuii presha, basi injini inachemka upesi. Tubadilishe kifuniko na mipira yake. Tusikifungue injini ikiwa moto.

3. Oili na filta. Kisha taimingi belti, kama gari linayo. Katika injini nyingi za dizeli ikikatika, pistoni hugonga valvu. Kama hatujui ilibadilishwa lini, tuibadilishe sasa.

Mwisho, tununue daftari. Kila kazi tuiandike pamoja na tarehe na kilomita. Kichwa husahau, daftari halisahau.