SOMO LA UFUNDI NA AFYA: KUTENGENEZA UPYA DARI YA MBAO



Gitega ni mji wenye nyumba za zamani. Wajerumani walianza boma lao hapo mwaka 1912, kisha Wabelgiji wakatawala mpaka uhuru wa 1962. Katika baadhi ya nyumba za zamani, Gitega hata Muyinga, dari (wengine husema plafo) ni ya mbao zilizopakwa vanishi, nayo imekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Wengi hudhani dawa yake ni kuikwangua yote. Sivyo. Vanishi ambayo bado imeshika, iache.

Sababu ya kwanza ni afya. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na anayefanya kazi darini, vumbi lote humwangukia usoni. Sababu ya pili ni mfuko: kukwangua kote ni siku nyingi na misasa mingi.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Kagua. Doa jeusi la maji maana yake bati linavuja. Ziba bati kwanza. Unga mwembamba ukidondoka kutoka vitundu vidogo, kuna wadudu ndani. Ubao uliooza ubadilishwe.

2. Jaribu. Chora msalaba kwa wembe juu ya vanishi, bandika utepe wa gundi, kisha uvute kwa nguvu. Vanishi ikibaki, imeshika. Ikitoka na utepe, sehemu hiyo ndiyo ya kukwangua.

3. Osha. Zima umeme. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni, na kitambaa kilichokamuliwa. Vanishi mpya haishiki juu ya masizi na mafuta. Suuza, halafu acha ikauke siku mbili.

4. Piga msasa kidogo, kwa kufuata nyuzi za mbao: namba 120, kisha 180. Shabaha ni kuondoa mng'ao tu. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, usifagie.

5. Paka. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa maana nene hudondoka na kukunjamana. Kati ya tabaka ngoja siku moja. Wakati mzuri ni kiangazi, Juni hadi Agosti. Usiku wa milimani ni baridi na vanishi hukawia kukauka. Basi anza jua likishapanda, umalize kabla ya saa tisa alasiri.

Hadhari:

Mbao zikiwa na rangi ya zamani, usipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, na watoto wakae mbali. Jambo hili si geni kwa wafanyakazi: tangu mwaka 1921 Mkutano wa Kazi wa Kimataifa ulipitisha Mkataba Na. 13 juu ya risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi.

Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi laini. Vaa barakoa ya kazi. Usisafishe kwa esansi. Fungua madirisha, zima jiko na sigara. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi visirundikwe, huweza kuwaka vyenyewe; vitandaze nje vikauke. Usipande kiti juu ya meza. Funga jukwaa la mbao lililo imara.

Kazini tunadai barakoa, ngazi nzima na hewa safi. Nyumbani hakuna mkaguzi wa kazi atakayekuja. Tujidai wenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini tujaribu vanishi kabla ya kuikwangua?
2. Ni hatari zipi za somo hili zinazopatikana pia kiwandani au shambani kwenu?
3. Je, barakoa mnazopewa kazini zinazuia vumbi laini?