Binamu wa Texas na dume la pongo

Mdogo wangu wa Karatina, barua yako ilinichekesha, kisha nikakaa sawa. Binamu yako anakuja Agosti kutoka Texas, ambako huwinda kulungu kila msimu, naye anataka umpeleke akaangushe dume mzee mwenye pembe ndefu. Unaniuliza aanzie msituni au mbugani.

Kwanza, bunduki aiache kwao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata aje na gunia la dola, hakuna kibali cha kumuuzia. Zile nguo zake za mabakamabaka pia zibaki kabatini. Hapa raia haruhusiwi kuvaa yanayofanana na sare za jeshi, na sitaki barua yako ijayo itoke seli.

Akija na kamera, hapo swali lake lina maana. Jim Corbett, aliyesifika India kwa kuwawinda simbamarara na chui wala watu, alihamia Nyeri uzeeni, wakati kamera ilikuwa imeshamteka kuliko bunduki. Alizikwa hapo mjini mwaka 1955, katika makaburi yale yale ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mpitishe.

Mimi ningeanzia msituni, Aberdare. Humo mnyama hafuatwi, anangojewa. Kichaka kimeshonana, na ukijitia kunyatia, wa kwanza kukutana nawe atakuwa nyati. Ndiyo maana wageni wa hoteli ya The Ark hukaa juu ya bwawa na chumvi, wakanyamaza. Bei yake si ya mfuko wako. Alipe yeye, wewe ni mwenyeji, si benki. Jua likizama pongo hutoka. Jike hana pembe, kwa hiyo hapo hamkosei. Dume akizeeka ngozi hukolea weusi. Akinusa harufu yenu hubweka kama mbwa, na siku hiyo hamtamwona tena.

Usimwahidi bongo. Waliobaki porini Kenya ni wachache mno, na kwao pembe hazitambulishi dume, maana majike nao wanazo. Akimtamani sana, mpeleke Nanyuki kwenye hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy, wanakozalishwa ili warudishwe mlimani. Kumwona huko si mawindo, lakini ni heri kuliko kurudi Texas mikono mitupu.

Mbugani, tuseme Ol Pejeta, kazi inageuka. Kumwona swala aitwaye pofu ni rahisi. Kumkaribia ndiyo shida, kwa kuwa naye amekuona tangu ulipotokeza. Ni mkubwa kuliko ng'ombe wa shamba lenu, lakini gari humkimbiza mapema. Simameni mbali, zimeni injini, mwacheni arudie majani. Dume mzee amegeuka kijivu, shingo imejaa, ngozi ya koo inaning'inia, na kwenye paji ana shungi la nywele nyeusi. Kisha tegeni sikio: akitembea, magoti hulia ta, ta, ta. Binamu yako hatakuwa amewahi kusikia hilo kwa kulungu wake.

Na jirani akija usiku na mfuko wa "nyama tamu" ya porini ya kumkaribisha mgeni, mkatae mlangoni. Asiulizwe bei, wala msione haya. Mchinjieni mbuzi.