Gari la Mbio Juu ya Trela: Kati ya Migori na Homa Bay

Gari likishapanda trela ni mzigo, hata liwe na mbio za namna gani. Litendee kama mzigo.

Usivute kwa Probox. Najua huku kwetu Probox hubeba kila kitu, lakini Subaru Impreza ina kilo kama 1,400. Ongeza trela lenyewe, unakaribia tani mbili. Tafuta Land Cruiser.

Trela liwe na namba yake, ile inayoanza na Z, na taa zinazowaka.

Weka uzito mbele. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake ilalie kiungio cha kuvutia. Injini ya Impreza iko mbele, basi ipande kwa pua. Porsche 911 injini yake iko nyuma: ipandishe kinyumenyume. Ukipuuza hili, trela litacheza mkia kwenye mteremko wa kwanza. Likicheza, usikanyage breki wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani sawa hadi litulie.

Usifunge kwa kamba za sokoni. Nunua mikanda minne ya kukaza kwa racheti, mmoja kwa kila gurudumu. Funga magurudumu, si bodi, ili springi zicheze bila kulegeza mkanda. Tia gia ya kwanza, vuta breki ya mkono. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kiungio.

Kaza tena baada ya kilomita 20 hivi. Ukitoka Isebania, simama Migori mjini. Ukitoka Migori, simama Awendo. Usiseme utakagua ukifika Rongo.

Usisafiri usiku. Kwenye nchi ya miwa utakuta trakta mbele yako, haina taa hata moja nyuma, nawe huwezi kusimama ghafla.

Usimruhusu yeyote kuketi ndani ya gari lililopakiwa, hata mwenye gari. Na chunga watoto. Wamezoea kukimbilia trela za miwa na kuchomoa muwa trakta ikipanda polepole. Lako nalo ni la polepole, tena limebeba kitu kinachong'aa. Gari la pili lifuate nyuma.

Kwenye matuta ya vituo kama Rodi Kopany, usiongeze mafuta mpaka magurudumu ya trela yashuke.

Usifunike kwa turubai. Upepo utalipigapiga hadi rangi ichubuke, vumbi huoshwa.

Ukifika nyumbani, tafuta mahali tambarare. Trela libaki limeungwa na gari linalovuta mpaka mzigo ushuke, la sivyo pua yake itainuka. Ongeza mbao kwenye njia ya kushukia, kwa kuwa bampa iko chini. Mkanda wa mwisho usifunguliwe kabla dereva hajakaa ndani, mguu kwenye breki. Vijana watajitolea kusukuma. Wanunulie soda, wakanywee mbali.