Biblia Unaijua, Mtoto Je?

MCHUNGAJI: Mwalimu, nataka kurudi chuoni. Washirika wananiambia uzamili wa elimu ya dini utanifanya niijue Biblia barabara.

MWALIMU MSTAAFU: Kila mtu hapa Kiirua anasema hivyo, nami nimechoka kusikia. Biblia si uliisoma Limuru?

MCHUNGAJI: Niliisoma, pale St. Paul's.

MWALIMU: Chuo kilichoanza kuwafunza wachungaji kule Freretown, Mombasa, mwaka 1903, kabla ya kuhamia Limuru. Walimu wa huko wasipokutosha, nani atakutosha? Habari za kozi, karo na tasnifu utaambiwa na ofisi ya usajili. Wewe nijibu hili: ulipofundisha mfano wa mpanzi, watoto walielewa nini?

MCHUNGAJI: Walielewa vizuri sana. Walitaja sehemu zote nne: njiani, penye mwamba, penye miiba, penye udongo mzuri.

MWALIMU: Ukawapa nne kwa nne, ukaenda zako. Hiyo ni kumbukumbu! Waulize huyu mpanzi alikuwa mkulima wa namna gani. Mtoto wa hapa amekulia kwenye viazi. Humwona mamake akipanga mbegu mtaroni, moja moja, kwa mkono, kwa sababu mbegu ni pesa. Usishangae akikujibu kwamba mpanzi ni mzembe, anamwaga mbegu barabarani. Mahubiri yako yote yameishia kwa mtu mzembe, nawe huna habari.

MCHUNGAJI: Basi nitamweleza kwamba zamani...

MWALIMU: Umeshaanza kueleza! Nyinyi wachungaji mdomo hautulii. Unauliza, unanyamaza, unaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema kabla hujamsahihisha. Kisha unayalinganisha na ulichodhani umefundisha. Unafanya hivyo darasa la kwanza, la pili, shule ya jirani. Kosa lile lile likijirudia, hapo umepata jambo la kutafiti.

MCHUNGAJI: Na Biblia naiweka kando?

MWALIMU: Nani amesema? Sasa ndipo utamtafuta Joachim Jeremias, yule Mjerumani aliyeshikilia kwamba Palestina ya kale walimwaga mbegu kwanza, wakalima baadaye. Wako waliompinga, wasome nao. Lakini unawasoma kwa sababu mtoto amekwama mahali fulani. Halafu unalifundisha somo upya na kurudi kule kule: unauliza, unanyamaza, unaandika.

MCHUNGAJI: Nilidhani faida kubwa ni kuitwa...

MWALIMU: Kuitwa nani? Vyeo vimetuharibia kanisa. Wako wanaolipa vijana Nairobi wawaandikie tasnifu, na Jumapili wanapanda mimbarini kukemea wizi. Mtu wa namna hiyo hajawahi kukaa na mtoto mmoja akamsikiliza mpaka mwisho. Mimi nilifundisha dini mpaka nikastaafu, sina cheo, na wanafunzi wangu wakinikuta sokoni bado wananibishia habari za Ayubu. Hilo linanitosha.

MCHUNGAJI: Basi nianzie wapi?

MWALIMU: KeMU, Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, iko hapa Meru, Chuo Kikuu cha Kikatoliki kiko Nairobi, na Limuru unaijua njia. Usisahau kwamba utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mwalimu mkuu lazima akuruhusu kabla hujaingia darasani na daftari lako. Lakini usiende popote kwanza. Jumapili hii, kwenye shule ya watoto, uliza swali moja na ufunge mdomo. Andika majibu. Usipopata hata moja la kukusumbua, pesa za karo walipie hao watoto.