Pengo Katikati ya Uwanja
(Somo kwa walezi wa timu za vijana)



Vikundi vyenu vingi vina timu ya vijana, na walezi wengi hutuuliza swali lile lile: mbona vijana wetu wana nguvu na mbio, lakini mpira unapitia katikati na tunafungwa? Somo hili linahusu kubanana katikati ya uwanja wakati wapinzani wana mpira.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Timu moja tuliyoilea ilifungwa mabao manne, na kila mtu akamlaumu namba sita. Ati ni mvivu, ati amenunuliwa soda. Hata sisi tulimkemea mbele ya wenzake, na kijana hakuja mazoezini wiki mbili. Mechi iliyofuata tulikaa kando tukahesabu hatua. Mabeki walikuwa wamerudi karibu na goli lao, washambulizi walikuwa mbele wakingojea, na kati yao kulikuwa na hatua kama sitini. Viungo wawili waliachiwa karibu ekari nzima wailinde! Kijana hakuwa mvivu. Tulimwendea nyumbani kwao, tukamwomba msamaha mbele ya mamake.

Pengo hili huanza polepole. Mabeki wanaogopa mpira mrefu utakaowapita, basi wanarudi nyuma. Washambulizi nao wanadhani kulinda si kazi yao.

Kuna kocha wa Italia, Arrigo Sacchi, aliyewahi kuuza viatu vya kiwanda cha babake na hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Aliingia AC Milan mwaka 1987. Uwanja mkubwa una urefu wa mita 105 hivi, lakini yeye alitaka kutoka beki wa mwisho hadi mshambulizi wa mbele kuwe na mita 25 tu. Mwaka 1989 timu hiyo iliifunga Steaua Bucharest 4-0 katika fainali ya Kombe la Ulaya. Sacchi mwenyewe amesimulia kwamba aliwapanga walinzi wanne na kipa dhidi ya wachezaji kumi wa mbele, akiwemo Gullit na van Basten, akawapa hao kumi dakika kumi na tano wafunge. Hawakufunga. Vijana wetu hatuwadai mita 25. Hatua 35 zinatosha kuanzia.

Sasa mazoezi. Tafuteni kamba ya katani ya hatua 24, mfunge mafundo manne, kila fundo hatua nane kutoka lingine. Viungo wanne washike kila mmoja fundo lake. Kocha abebe mpira mkononi, atembee kulia, kushoto, mbele, nyuma. Wote wasogee pamoja, kamba isilegee wala isimponyoke mtu. Watacheka sana siku ya kwanza, waacheni wacheke. Baadaye ondoeni kamba, wafanye hivyo hivyo kwa macho.

Kisha wafundishwe kazi zao. Aliye karibu na mpira anamwendea mwenye mpira, lakini asijirushe, amzuie tu asigeuke. Wawili walio karibu naye wanaziba mgongo wake. Winga wa upande wa mbali anaingia ndani. Hapo ndipo tunapobishana sana na vijana, kwa sababu winga anaona mtu wake amebaki peke yake kule pembeni. Mwacheni abaki! Mpira wa kuvuka uwanja unakaa hewani, na mtapata nafasi ya kusogea wote.

Mabeki nao wapande kila mpira unaporudishwa nyuma na wapinzani. Mpinzani akibaki nyuma yao atakuwa ameotea. Lakini kama mwenye mpira ameinua kichwa na hakuna anayemsonga, wasipande, warudi mapema, na kipa atoke kidogo golini. Kupanda wakati huo ni kujifunga wenyewe. Beki wa kati anayeona uwanja wote ndiye apige kelele: "Panda!" au "Rudi!" Sauti iwe moja tu.

Mwisho chezeni mchezo huu. Pimeni hatua 45 kwa 25, mgawe sehemu tatu kwa mawe. Wanne kila sehemu. Wale wa pembeni wapitishe mpira chini kwa chini kuvuka wanne wa katikati, wakihesabu pasi zinazopita kwa dakika tatu, halafu wabadilishane. Mpira mmoja unatosha, hata wa makaratasi. Wasichana wafanye vivyo hivyo.

Yule namba sita alirudi. Tulimpa yeye kazi ya kuhesabu hatua.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Timu yenu ikifungwa, ni nani hulaumiwa kwanza? Mpira ulipopita, wenzake walikuwa hatua ngapi kutoka kwake?