Somo la Mwezi Huu: Juma Moja Darasani



Mtoto arudipo kutoka shuleni twamwuliza, "Leo mmefundishwa nini?" Naye hujibu, "Hakuna." Sisi twaridhika na jibu hilo, twampa ndoo aende kuteka maji. Katika somo hili na tutazame mtoto apata nini hasa katika siku tano za masomo, na apoteza nini akikosa siku moja tu.

Mtoto tutakayemfuata ni wa mfano. Mchukulieni kuwa binti wa darasa la pili hapa Uchindile, huku reli ya TAZARA inakopanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako. Lakini habari yake ni ile ile kwa mtoto wa Mlimba au Ifakara.

JUMATATU: KUSOMA

Kiswahili chaandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto huanza na irabu, a, e, i, o, u, kisha huziunga na konsonanti: ma, me, mi, mo, mu. Akishika silabi hizo, maneno mengi yamekwisha kufunguka mbele yake. Kazi ngumu huja baadaye: mwa, nywa, ng'o, tha, dha, gha.

Tukumbuke kwamba watoto wengi wa kwetu huanza kusema Kihehe, Kibena, Kindamba au Kipogoro kabla ya Kiswahili. Sauti kama th na dh hawakuzisikia mapajani mwa mama. Basi mtoto asomapo "samani" badala ya "thamani," hafanyi ujinga. Lakini lazima afundishwe, maana samani ni viti na meza, na thamani ni jambo jingine. Sauti hizo hazisomwi kwa macho peke yake. Mwalimu hutamka, watoto hufuatisha, na sikio huzoea pole pole. Asiyekuwapo hakusikia.

JUMANNE: KUHESABU

Leo ni kutoa kwa kukopa. Ubaoni imeandikwa 42 – 17. Mwalimu ana vijiti mezani: mafungu manne ya kumi kumi, na vijiti viwili pembeni. Anauliza, "Nataka kuondoa saba. Hapa pembeni ninavyo viwili tu. Nifanye nini?" Baada ya kufikiri, mtoto mmoja asema, "Fungua fungu moja." Ndiyo! Sasa yako mafungu matatu na vijiti 12. Ondoa 7, vimebaki 5. Ondoa fungu moja, yamebaki mawili. Jibu ni 25.

Mtoto aliyeona fungu likifunguliwa ameelewa kukopa maana yake nini. Asiyeona hufanya hivi: huona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza akatoa 2 katika 7, akapata 5. Kisha 4 toa 1 ni 3. Huandika 35, naye ana hakika amepata. Kesho keshokutwa ndiye atakayesimama mbele ya mizani ya mnunuzi wa mpunga, asijue kama fedha aliyopewa ni sawa.

JUMATANO: IMLA

Mwalimu asoma sentensi, watoto waandika. Hapo ndipo makosa yote huonekana, na hiyo ndiyo faida yake. Kosa katika daftari ni kama alama ya njia. Lamwonyesha mwalimu aanzie wapi kesho. Mzazi anayefungua daftari, akaona alama nyekundu, akamchapa mtoto, amemfundisha jambo moja tu: kulificha daftari.

ALHAMISI: NAFASI IKO WAZI

Leo binti yetu hakuja. Mama ameshuka bondeni kuvuna, naye ameachwa amlee mdogo wake. Hatumlaumu mama huyu, kwa maana mpunga ulioiva haungoji. Na wapo wenzetu ambao jamaa nzima huhamia shambani majuma kadhaa, watoto wakipanda kwenye dungu kuamia ndege.

Lakini na tupige hesabu. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mtoto anayekosa siku moja kila juma hukosa karibu siku 39, yaani kama majuma manane. Ni karibu miezi miwili, nasi twasema, "Ni siku moja tu."

IJUMAA: JARIBIO

Binti amerudi. Jana wenzake walifundishwa kukopa penye sufuri, kama 50 – 26. Yeye aona sufuri, ashangaa, achungulia daftari la jirani. Haulizi, kwa kuwa darasa limejaa na aona haya. Mwalimu, mwenye watoto wengi mno, adhani ni mvivu. Nyumbani twasema, "Huyu kichwa chake kizito."

Wapendwa, yote mawili si kweli. Elimu ya mtoto yasukwa kama ukili wa mkeka: kila mwaa hushikwa na ule uliotangulia. Uruke mmoja, na ukili wote walegea mbele ya safari. Hivyo ndivyo mtoto mwenye akili timamu anavyofika kwenye upimaji wa darasa la nne bila kuweza kusoma barua ya baba yake. Hakuanguka siku moja. Aliachwa nyuma Alhamisi moja, kisha nyingine.

KAZI HII NI YA NANI?

Wazee wetu wakumbuka shule za misheni. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule hizo, ili watoto wa dini zote wasome sawa. Miaka miwili kabla yake, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, 1967. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na sheria ya 1978 ikamlazimu mzazi kumpeleka. Ada ya shule ya msingi ilirudishwa baadaye, ikafutwa tena mwaka 2001. Na tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo iliondolewa.

Haya yote ni mema. Lakini wengi wetu tulipoona shule si ya kanisa na ada hakuna, tulidhani kazi imetutoka mikononi. Sivyo. Sheria yaweza kumfikisha mtoto mlangoni pa darasa, lakini haiwezi kumuuliza jioni, "Nionyeshe mlivyokopa leo."

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila jioni mwambie mtoto akufundishe alichojifunza. Hata kama wewe hukusoma, atakapokuwa akikueleza ataona mwenyewe alipokwama.

2. Akikosa siku, siku hiyo hiyo mtume kwa mwenzake wa darasa akamweleze, kabla pengo halijakua.

3. Wakati wa mavuno, majirani wapokezane kulea watoto wadogo. Bibi mmoja akiwatunza watano, wakubwa wao watano wamekwenda shule.

4. Nenda shuleni ukamwone mwalimu hata kama hukuitwa, ukamwulize, "Mwanangu amekwama wapi?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Juma lililopita ni watoto wangapi katika nyumba zetu walikosa shule? Kwa sababu gani?

2. Ni ipi kati ya sababu hizo tungaliweza kuiondoa sisi wenyewe?

3. Je, yuko mtoto tunayemwita mzito? Ni nani kati yetu aliyekwisha kukaa naye, akatafuta mahali alipoachwa?